Mkono Ulioandika Dar es Salaam

Nilijifunza kusoma kwenye kuta za Ilala kabla sijajua kwamba ninafundishwa. Bibi yangu, ambaye hakubahatika kuvuka darasa la pili, alikuwa akinishika mkono kila Jumamosi asubuhi tukitoka nyumbani Bungoni kwenda soko la Ilala, na kila tulipofika kwenye ukuta wenye maandishi alisimama, akaweka kikapu chini, akaniuliza, "Hapo pameandikwa nini, mjukuu wangu?" Nami nilitamka silabi moja moja mpaka maneno yakakamilika: mashine ya kusaga na kukoboa. Bibi alinisikiliza kwa makini kama anayesomewa barua iliyotoka mbali. Ilipita miaka mingi kabla sijaelewa kwamba maandishi yote ya njia ile alikuwa akiyajua kwa moyo, na kwamba alichokuwa akikipima ni mimi.

Njia ile ilikuwa kitabu kweli. Bucha lilikuwa na kichwa cha ng'ombe mwenye macho makubwa ya upole, na chini yake maneno "Nyama safi kila siku". Kinyozi alichorewa vichwa vinne vya vijana, kila kimoja na mkato wake wa nywele na namba yake pembeni, ili mteja asiyejua jina la mkato aonyeshe kwa kidole. Fundi cherehani alikuwa na mwanamke aliyevaa gauni la mabega yaliyotuna, ambalo lilibaki ukutani hata baada ya mtindo wenyewe kupitwa. Duka la jirani yetu lilikuwa na methali ambayo kila mtu aliyekulia mjini ameiona mahali, "Kukopa harusi, kulipa matanga", na pembeni yake wanaume wawili: mmoja amenenepa, ametulia mbele ya kasha la fedha lililojaa noti; mwingine amekonda, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na panya wanapita kwenye rafu zake tupu. Nilimwonea huruma sana yule aliyekonda. Nilimwombea dua mara moja au mbili.

Mwezi uliopita nilipita njia ile ile kwa miguu, polepole, nikiwa nimedhamiria kuhesabu maandishi ya mkono yaliyobaki. Nilikuta mengi mazuri: barabara imewekwa lami, mitaro imefunikwa, zipo taa usiku. Lakini kuta zimenyamaza. Mabango karibu yote ni ya fleksi, yamechapwa kwa mashine, na herufi zake ni zile zile kuanzia duka la dawa mpaka duka la viatu. Kuta zilizobaki bila bango zimepakwa rangi za kampuni za simu na za vinywaji, nyekundu ukuta mzima au bluu ukuta mzima. Maandishi ya mkono niliyoyakuta yalikuwa ya aina mbili tu. La kwanza lilisema "Nyumba hii haiuzwi, matapeli kaeni mbali". La pili lilisema "Usikojoe hapa, faini 50,000". Nilisimama mbele ya hilo la pili kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, kwa sababu lilinionyesha jambo lililonichoma: mkono uliokuwa ukitukaribisha katika mji huu sasa umeachiwa kazi ya kutufukuza. Mwaka 2017, nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilipokuwa zikisubiri kubomolewa ili barabara ipanuliwe, kilichoandikwa kwenye kuta zake kilikuwa herufi moja ya X kwa rangi nyekundu. Hiyo nayo iliandikwa kwa mkono na brashi.

Wapo watakaosema kwamba bango ni bango, kazi yake ni kumwonyesha mteja duka, na kama mashine inaifanya kazi hiyo kwa haraka hakuna kilichopotea. Wanaosema hivyo hawajawahi kumwona fundi akiandika. Kwanza alikwangua ukuta mpaka chokaa iliyolegea ikadondoka yote, akapaka rangi ya chini, akaiacha ikauke. Kisha akachukua uzi uliopakwa chaki, akaubana ukutani kwa kidole upande mmoja, mtoto aliyekuwa karibu akaubana upande wa pili, akauvuta katikati na kuuachia, nao ukapiga mstari ulionyooka bila rula. Mara kadhaa mtoto huyo nilikuwa mimi, na mpaka leo naihesabu kuwa heshima. Kati ya mistari miwili alichora herufi kwa chaki akipima nafasi kwa jicho, maana neno lililoanzwa kwa herufi pana linaweza kuufikia ukingo wa ukuta likiwa limebakiza silabi mbili. Ndipo alipofungua kopo la rangi ya mafuta, akailainisha kwa tina, na kwa brashi ya nywele ndefu akajaza herufi ya kwanza huku mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kulia kama mto, ili usitetemeke.

Mwisho alitia kivuli. Kwangu mimi kivuli ndicho kilikuwa saini yake, kwa sababu kila fundi alikuwa na jua lake. Fundi wa mtaa wetu kivuli chake kilianguka kulia na kushuka chini, kwa bluu iliyokolea, hata kama herufi zenyewe ni nyekundu. Fundi wa upande wa Buguruni alipenda kivuli cheusi chembamba na mstari mweupe juu ya herufi, uliozifanya zing'ae kama zimelowa. Kijana aliyezoea mji aliweza kutazama ukuta kupitia dirisha la daladala na kusema, huu umeandikwa na fulani, bila kusoma jina lililowekwa pembeni kwa herufi ndogo.

Herufi hizo zilibeba pia lafudhi. Katika mtaa wetu palikuwa na dirisha lililoandikwa "balafu", na kila aliyepita alijua kwamba aliyeandika, au mama aliyemwagiza, ametoka miongoni mwa watu ambao kwao r na l ni sauti moja. Mwalimu wetu alituonya tusiige, na alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nakithamini Kiswahili sanifu na ninauma meno ninapoona gazeti likikosea ngeli. Hata hivyo, neno lile ukutani lilinipa habari ambayo kamusi isingenipa. Lilinieleza kwamba mji huu umejengwa na watu waliokuja kutoka mahali, wakaja na ndimi zao, wakafungua biashara kabla hawajaulizwa vyeti. Bango la fleksi halina mahali lilipotoka, kwa sababu hata linapokosea hukosea kwa kosa la mashine, na kosa hilo hulikuta lile lile Mbeya na Tanga.

Watu wanapozungumzia uchoraji wa Dar es Salaam hutaja kwanza Tingatinga, na wanastahili kufanya hivyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa vitu ambavyo mtu wa kipato cha chini aliweza kuvinunua mjini: vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Kazi zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu, na wanafunzi wake, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, wakaishika brashi pale alipoiachia, mpaka mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wenye jina lake. Nyumbani kwangu ninaye chui mmoja wa Tingatinga mwenye madoa yaliyopangwa kwa subira ya ajabu, na mgeni yeyote anayeingia humtazama yeye kwanza kabla ya kunitazama mimi.

Lakini sanaa ninayoipenda kuliko zote ni ndugu wa huyo chui ambaye hakupewa jina. Ilitumia rangi za aina ile ile, na mara nyingi ilifanywa na watu wa maisha yale yale, waliokuja mjini kutafuta kibarua wakagundua kwamba mkono wao unajua jambo. Tofauti ilikuwa kwa mnunuzi. Picha ya Tingatinga huingia katika begi la msafiri na kuvuka bahari, na kwa kuwa inavuka bahari, yupo mtu wa kuilipia, wa kuiandikia kitabu, wa kuifanyia maonyesho. Ng'ombe wa buchani haendi popote. Mnunuzi wake alikuwa mwenye bucha, mtazamaji wake alikuwa mama anayetafuta nusu kilo ya nyama, na siku ukuta ulipobomolewa picha ilishuka na matofali. Sijui ukuta hata mmoja wa aina hiyo uliohifadhiwa mjini kwetu.

Ukuta wenyewe ndio ulioanza kuondoka. Nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyoijaza Kariakoo, Ilala na Magomeni, ilijengwa kwa mpango unaojulikana na kila aliyepanga chumba mjini: mlango katikati, korido inayokwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na mbele baraza. Pande mbili za mlango ule palikuwa na ukuta mpana ulio usawa wa macho ya mtu anayetembea, na chumba cha mbele kilipogeuzwa duka, ukuta huo ukawa karatasi ya mwenye duka. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na nyumba hizo mtaa baada ya mtaa. Tangu biashara ilipofunguliwa, hasa kuanzia miaka ya 1990, zimeshushwa moja baada ya nyingine na mahali pake pakasimama ghorofa, na chini ya ghorofa pana fremu. Fremu haina ukuta wa mbele. Ina mlango wa chuma wa kukunja, ina kioo, ina nguzo mbili nyembamba, na bidhaa zimetundikwa mpaka kwenye nguzo hizo. Hata fundi akija na uzi wake na chaki yake hapati pa kuupiga mstari.

Pale ukuta uliposalia, kampuni ziliuwahi. Mwenye duka huletewa rangi bure, huletewa na fundi wa kuipaka, na wakati mwingine hupewa meza na miavuli. Simlaumu hata kidogo. Wenye maduka kadhaa wameniambia kwamba bango la jina lao wenyewe huwaletea mtoza ushuru mlangoni, ilhali lile la kampuni huja likiwa limeshughulikiwa na watu wa kampuni. Kwa mtu anayehesabu faida kwa mia na mia mbili, uamuzi ni mwepesi. Matokeo yake ni mtaa wenye maduka kumi na jina moja, nalo ni jina la soda. Dada yangu alipohamia Tabata na kunielekeza kwake kwa simu, alisema nishuke kituoni, nipite duka jekundu, halafu duka jekundu jingine, kisha nimpigie. Zamani tuliambiwa, ukifika kwa yule ng'ombe mwenye macho makubwa kata kushoto, na hakuna aliyepotea.

Vyombo vya usafiri navyo vimefuata mkondo huo. Daladala za utoto wangu zilipakwa mistari ya rangi ya njia yake, na nyuma ziliandikwa usemi uliochaguliwa na dereva au tajiri, mwingine wa kumshukuru Mungu, mwingine wa kumjibu jirani ambaye sisi abiria hatukumjua. Zilizopo leo zimebandikwa stika. Tangu mwaka 2016 tunayo mabasi ya mwendokasi, ambayo nimeyapanda mara nyingi na sipendi kuyasema vibaya, kwa kuwa yanamfikisha mfanyakazi kazini. Ila kila basi ni sawa na jingine, na abiria hana cha kusoma zaidi ya maelekezo ya mlango.

Nairobi inanipa moyo hapa. Mwaka 2004, waziri John Michuki aliposimamia kanuni mpya za usafiri, matatu zilitakiwa ziwe na mstari wa manjano ubavuni, na michoro iliyokuwa sifa ya jiji hilo ikafifia. Baadaye ilirudi kwa nguvu, na mtu akisimama leo katikati ya Nairobi ataona gari zima limefunikwa sura za wanamuziki na wanasoka. Ilirudi kwa sababu ina anayeilipia. Kijana wa Nairobi huiacha gari isiyo na mchoro ipite ili asubiri yenye mchoro, na mwenye gari anajua hivyo, basi anamlipa mchoraji kama anavyomlipa fundi injini. Sisi tulikuwa na sanaa ya namna hiyo kila baada ya nyumba tano, tukaiona kama hewa, wala hatukufikiri kwamba kuna siku itahitaji mtu wa kuichagua.

Ndiyo maana sivutiwi sana na mawazo ya kuikusanya katika makumbusho. Picha za kuta hizo zipigwe, nakubali, na ninawaomba vijana wenye simu nzuri wazipige kabla mvua za masika hazijamaliza kazi. Lakini bango la bucha lililowekwa nyuma ya kioo, mbali na harufu ya bucha, limeshapoteza nusu ya lililokuwa likisema. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: mafundi waliobaki wapewe kazi wakiwa bado wana nguvu za kusimama kwenye ngazi. Halmashauri zetu zingeweza kusamehe ushuru kwa mwenye duka aliyeandikiwa jina lake ukutani kwa mkono, na hasara yao ingekuwa ndogo. Shule zingeweza kumwita fundi aandike majina ya madarasa, na watoto wamshikie uzi.

Baada ya matembezi yale nilimtafuta fundi wa mtaa wetu. Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa barazani, brashi zake zimefungwa kwa mpira na kuning'inizwa msumarini vichwa chini ili nywele zisijikunje. Nilimpa shikamoo, akaniitikia na kunitaja kwa jina la bibi yangu, kwamba mimi ni yule mjukuu wake aliyekuwa akisoma kwa sauti. Nilimuuliza kazi zinakwendaje. Akanijibu kwamba zinazomjia sasa ni maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi" wakati ndugu wanapogombania urithi, na vibao vya makaburini: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki. Alisema vibao hivyo anaviandika kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuja kulalamika. Hakusema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyeondoka pale nikiwa na uchungu, na usiku ule nikampigia simu dada yangu.

Dada anapika chakula Tabata, katika banda la mabati lenye ukuta mmoja wa matofali unaotazama barabara. Kampuni moja ilikwisha kumwahidi bango, naye alikuwa akilisubiri. Nilimwomba aniachie ukuta huo, na kwamba gharama ni yangu. Tulikubaliana na mzee shilingi 40,000 pamoja na rangi, na Jumapili moja asubuhi alikuja na kijana wa kumshikia ngazi. Hakufungua kopo. Alikaa kwenye benchi, akaagiza chai, akaanza kumhoji dada: chapati zinapatikana asubuhi tu au kutwa nzima? Maharage ni ya nazi au ya kuunga kwa nyanya? Wateja wanamwitaje, jina lake au la mtoto wake? Dada alijibu kwamba wanamwita Mama Zai. Mzee akatikisa kichwa, akasema basi hilo ndilo litakalokuwa kubwa, kwa maana mtu haandikiwi jina ambalo hakuna anayemwita kwalo.

Kisha aliuliza jua la mchana hupiga ukuta huo kutoka upande gani. Dada akamwonyesha. Mzee alivuka barabara, akasimama upande wa pili kwa dakika kadhaa huku bodaboda zikipita mbele yake, akarudi na kuomba uzi. Nilimshikia mimi. Kazi ilichukua siku nzima, na alipofika kwenye sahani ya wali maharage alimwomba dada ampakulie sahani halisi, akaiweka kwenye kiti mbele yake akaichora jinsi ilivyo, pamoja na mchicha na kipande cha ndimu pembeni. Kivuli cha herufi alikitia jioni, bluu iliyokolea, kikaanguka kulia na kushuka chini.

Alituonya tusiegemeze kitu ukutani mpaka kesho yake, kwa sababu rangi ya mafuta hukauka polepole. Akaosha brashi zake katika kopo la tina, akazifunga kwa mpira, akaniuliza kama ninamjua mtu mwingine anayehitaji kuandikiwa.